Matusi ya Kiingereza: nani hufuta, nani huacha

Jumamosi jioni, mpira wa Ligi Kuu ya England umepamba moto, na kipaza sauti cha kando ya uwanja kinanasa sauti ya mtu akitukana. Papo hapo mtangazaji anawaomba radhi watazamaji. Usiku huohuo, kwenye king'amuzi kilekile, filamu ya Kimarekani inamwaga matusi ya nguoni kwa saa mbili na hakuna anayeomba radhi. Mtoto anayejifunza Kiingereza kwa masikio, kama wengi wetu tulivyojifunza, anabaki na maelezo ya mtaani kuhusu kwa nini hili lilifutwa na lile likaachwa. Mengi kati ya maelezo hayo si kweli. Nayasikia darasani kila muhula.

Dhana: Serikali ya Marekani ina orodha ya maneno saba yaliyopigwa marufuku

Maneno saba yapo, lakini yalitoka kwa mchekeshaji George Carlin. Tarehe 30 Oktoba 1973, saa 8 mchana, redio ya WBAI ya New York ilirusha rekodi yake akiyachambua maneno ambayo, kwa maoni yake, hayasemeki hewani. Baba mmoja aliyekuwa garini na mwanawe alilalamika kwa FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1978 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba tume ina uwezo wa kukiadhibu kituo kwa jambo kama hilo. Watu waliikumbuka orodha, wakaisahau hoja. Majaji walitazama saa ya mchana, redio inayoingia hadi ndani ya nyumba, na uwezekano wa watoto kusikia.

Ndiyo maana hadi leo kanuni hufuata saa. Kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, kituo cha Marekani kinachorusha kwa masafa ya umma hakiruhusiwi lugha chafu. Uingereza, chini ya Ofcom, mdhibiti wake wa utangazaji, mpaka wa televisheni ni saa 3 usiku. Kenya nayo imeweka saa 4 usiku. Hata ndani ya mipaka hiyo muktadha hupimwa, na wapimaji wenyewe hugongana. Januari 2003 mwanamuziki Bono, akipokea tuzo ya Golden Globe mubashara kwenye televisheni ya NBC, alitumia neno la F, yaani tusi zito la Kiingereza linaloanza na herufi hiyo, kuonyesha furaha yake. Oktoba ofisi moja ya FCC ikasema si kosa, kwani hakuwa akizungumzia ngono. Machi 2004 makamishna wa tume hiyohiyo wakaupindua uamuzi. Miaka miwili baadaye sheria mpya ikapandisha faini ya juu kutoka dola 32,500 hadi 325,000 kwa kosa moja.

Televisheni za kulipia, zinazopita kwenye kebo na setilaiti, hazifungwi na kanuni hiyo ya lugha chafu. Zikiweka ule mlio wa “piii”, mara nyingi zinawachelea wenye matangazo ya biashara.

Dhana: Neno la F ni kifupisho cha kibali cha mfalme

Hadithi hii huzunguka WhatsApp: eti zamani watu wa England walihitaji kibali cha mfalme ili walale na wake zao, na herufi za kibali hicho ndizo zikawa neno. Haina ukweli. Neno hilo lina ndugu katika Kiholanzi na lugha nyingine za jamii ya Kijerumani, na limo katika maandishi karne nyingi kabla Waingereza hawajazoea kuunda maneno kwa herufi za mwanzo.

Dhana: Gazeti lenye heshima huweka vinyota

The Guardian la London huliandika tusi zima pale habari inapolihitaji, na mwongozo wake wa uandishi unavikataa vinyota (***) vya kuficha herufi za tusi. The New York Times hupita kando: huandika kwamba fulani ametoa lugha chafu, basi. Yote mawili ni magazeti ya heshima. Mabishano haya ni ya kale. Mwaka 1850 Charlotte Brontë, akitetea riwaya ya marehemu dadake Emily, aliandika kwamba kudokeza tusi kwa herufi moja ni jambo dhaifu lisilo na faida. Namwelewa, kwa sababu kinyota humlazimisha msomaji kulitamka neno kichwani mwake ili ajue ni lipi. Lakini mbele ya wanafunzi wa miaka 14 bado nasema “neno la F”. Tafsida ni adabu niliyolelewa nayo, na sioni sababu ya kuivua mlangoni kwa kuwa tu naingia kwenye Kiingereza.

Dhana: Mashine inalitambua tusi

Inatambua herufi. Mwaka 1996 wakazi wa Scunthorpe, mji ulio kaskazini mwa England, walishindwa kujisajili kwenye huduma ya intaneti ya AOL kwa sababu jina la mji wao limebeba ndani yake herufi nne za tusi zito. Siku hizi vijana huikwepa mashine kwa kubadilisha herufi au kubuni maneno kama “unalive” badala ya kutaja kifo. YouTube ilianza kubana mapato ya video zenye matusi mwanzoni mwake Novemba 2022, na kufikia Machi 2023 ikawa imelegeza.

Dhana: Kiingereza ni kimoja, kwa hiyo tusi lina uzito mmoja

Hapa ndipo wanafunzi wangu hujikwaa, na hujikwaa wakiwa ugenini, mbele ya watu.

Neno “fanny” kwa Mmarekani ni makalio, tena kwa upole ambao mama angetumia kwa mtoto. Kwa Mwingereza ni sehemu za siri za mwanamke. Neno “bloody” halihusiani na damu unapolisikia kwenye gumzo la Waaustralia. Ni chumvi ya maongezi. Mwaka 2006 Australia ililiweka ndani ya tangazo lake rasmi la utalii, na Uingereza, kwenye asili ya neno lenyewe, ikalizuia tangazo hilo kwenye televisheni kabla ya kulegeza.

Usidhani basi kwamba Waingereza ndio wakali. Filamu ya The King's Speech ya mwaka 2010 ina sehemu ambapo mfalme mwenye kigugumizi anamwaga matusi ili ulimi wake ufunguke. Uingereza iliipa daraja la 12A, yaani hata mtoto wa chini ya miaka 12 aliweza kuitazama akiwa na mtu mzima. Marekani, ambako neno la F likirudiwa kwa kawaida filamu hupanda daraja, iliipa R, inayomtaka aliye chini ya miaka 17 aandamane na mzazi au mlezi.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye maneno yanayomdhalilisha mtu kwa alivyoumbwa. Mwaka 2011 baraza la viwango vya utangazaji la Kanada liliamua kwamba wimbo wa mwaka 1985, “Money for Nothing”, haufai kupigwa redioni ukiwa na neno linalowatusi wapenzi wa jinsia moja. Baadaye mwaka huohuo likaviachia vituo uamuzi. Utafiti wa Ofcom nao umeonyesha watazamaji wa Uingereza wakiyavumilia zaidi matusi ya kawaida na kuchukizwa zaidi na lugha ya kibaguzi.

Chukua “spaz”, kutoka neno la kitabibu lililotumika kwa watu wenye mtindio wa ubongo. Marekani ilikuwa na maana ya kuchanganyikiwa au kuwa mzembe wa viungo, hata Tiger Woods akajiita hivyo mwaka 2006 baada ya kucheza vibaya. Uingereza neno hilo lilikuwa kejeli ya viwanja vya shule, kali kiasi kwamba chama cha kuwahudumia watu hao, kilichobeba lile neno la kitabibu katika jina lake, kilijibadilisha jina kuwa Scope mwaka 1994. Juni 2022 Lizzo, mwimbaji wa Marekani, alilitumia katika wimbo mpya. Mwanaharakati wa Australia mwenye mtindio wa ubongo akamwandikia kwamba linaumiza. Siku chache baadaye Lizzo alitoa wimbo uleule ukiwa na maneno mengine mahali pale. Hakuna tume iliyomwagiza. Agosti mwaka huohuo Beyoncé akalitoa neno hilohilo kwenye wimbo wake.