Je, wajua? Mzizi wa jino la utoto hauzibwi kama wa jino la mtu mzima

Tulipokuwa wadogo hapa Tanga, jino likitoka tulilirusha juu ya paa. Ila kabla ya kulirusha ulikuwa ukiligeuzageuza kiganjani, na mwenye udadisi aliona jambo: chini yake pana shimo tu, mzizi hakuna. Haukuvunjika, wala haukubaki ndani ya ufizi. Mwili wenyewe umeuyeyusha taratibu, kulipisha jino la ukubwani linalopanda kutoka chini.

Mwanafunzi wa udaktari wa meno akifundishwa kutibu mzizi wa jino la mtoto, karibu kila kitu kinarudi kwenye shimo lile.

Jirani yangu wa Ngamiani aliambiwa gego la binti yake wa miaka 6 linahitaji kutibiwa mzizi. Akaniuliza, "Jino lenyewe la kutoka, ya nini kulihangaikia? Si waling'oe tu?" Ana haki ya kuuliza. Lakini gego la utoto halitoki pamoja na meno ya mbele. Hukaa mpaka mtoto afike miaka 10 hadi 12. Na katika umri huohuo wa miaka 6, gego la kwanza la ukubwani huchomoza nyuma ya magego ya utoto. Likikuta mbele yake pana pengo, huegemea huko na kulifunga, na jino lililokuwa lipande pale likakosa pa kutokea. Ndiyo maana daktari hulipigania.

Sasa, mwanafunzi anajifunzia wapi? Yale meno ya paani hayamfai, maana hayana mizizi. Yanayong'olewa hospitali kwa kuoza nayo mara nyingi mizizi yake imeshaliwa. Kwa hiyo vyuo vingi hutumia pia magego ya plastiki yaliyotengenezwa na njia za mizizi ndani yake. Hupachikwa kwenye taya la kichwa cha sanamu, na mwanafunzi huinama juu yake kana kwamba mtoto amelala pale. Mgonjwa wa kweli huja baadaye, mwalimu akiwa amesimama pembeni.

Jambo la kwanza analofundishwa ni kuisoma damu. Akishatoboa gego na kuondoa sehemu ya juu iliyooza ya kiini (ile nyama laini yenye damu na neva ndani ya jino), hubana pamba safi kwa dakika chache. Damu ikikata, kiini kilichomo mizizini bado ni kizima, basi kinaachwa. Juu yake huwekwa dawa ya kukilinda. Mojawapo ya dawa hizo imetokana na saruji ya Portland, ukoo mmoja na saruji ya kujengea nyumba inayotoka Pongwe hapa Tanga, ila hii imesafishwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Damu ikikataa kukata, au kiini kikiwa kimeshakufa, ndipo anaingia mizizini.

Hapo ndipo pagumu. Mizizi ya gego la utoto ni myembamba, na imetanuka kama vidole vilivyoshika limau. Hilo limau ndilo chipukizi la jino la ukubwani. Sindano ya kusafishia ikipita ncha ya mzizi, inaweza kulijeruhi jino ambalo halijazaliwa bado. Kwa hiyo mwanafunzi hupima urefu kwa eksirei, kisha husimama milimita 1 au 2 kabla ya kufika mwisho. Kuta hazikwanguliwi sana, maana ni nyembamba. Kazi kubwa hufanywa na dawa ya kuoshea.

Mtu mzima huzibwa mizizi kwa gatapacha, utomvu wa mti uliogandishwa, ambao hukaa miaka na miaka bila kuyeyuka. Kwa mtoto kitu hicho kingebaki njiani kama jiwe wakati mzizi unayeyuka. Dawa yake lazima iondoke pamoja na mzizi. Kwa miaka mingi imetumika zinki oksaidi iliyokorogwa na yujenoli, na yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, hizihizi zinazolimwa Muheza. Tatizo lake huyeyuka polepole kuliko mzizi, kwa hiyo madaktari wengi sasa hupendelea mchanganyiko wa chokaa na ayodofomu, dawa ya kuua vijidudu. (Usije ukampaka mtoto mafuta ya karafuu ufizini nyumbani, yanaunguza.)

Mikono peke yake haitoshi. Mwanafunzi hufundishwa pia kuzungumza na mtoto, kwa njia aliyoieleza daktari wa meno Addelston mwaka 1959: mwambie, mwoneshe, kisha fanya. Kabla kifaa hakijagusa jino, mtoto husikia mlio wake na kukiona kikizunguka juu ya ukucha wake. Mimi naliona somo hili kubwa kuliko yote, kwa sababu mtoto aliyeshikwa kwa nguvu leo hatafungua mdomo kesho.

Mwishoni gego huvishwa kofia ya chuma cha pua, iliyoanza kutumika kwa watoto mwaka 1950, ili lisipasuke wala kuvuja. Kofia hiyo haiji kuvuliwa. Binti wa jirani yangu akifika miaka 10 au 11, mzizi utakuwa umeyeyuka na dawa yake, na gego litalegea kama mengine. Atalishika kiganjani likiwa na kofia yake, chini pana shimo tu.