Je, wajua kwa nini Ubelgiji haina waziri wa elimu ya juu wa taifa?

Serikali kuu ya Ubelgiji ina waziri wa fedha, wa ulinzi na wa mambo ya nje, lakini haina wizara inayosimamia vyuo vikuu. Elimu yote, kuanzia ya chekechea hadi shahada ya uzamivu, imo mikononi mwa jumuiya tatu za lugha: ya Kiholanzi, ya Kifaransa na ya Kijerumani. Kila jumuiya ina bunge lake, waziri wake na sheria zake. Tangu mwaka 1989, mambo yaliyobakizwa kwa serikali kuu katika elimu ni matatu tu: umri wa kuanza na kumaliza elimu ya lazima, masharti ya msingi ya kutoa shahada, na pensheni za walimu. Makala hii inaangalia zaidi Flanders, sehemu ya kaskazini inayozungumza Kiholanzi, kwa kuwa ndiko ugomvi uliozaa mfumo huu ulikoanzia, na ndiko mageuzi yalikofanywa kwa mfululizo usiokatika.

Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi mwaka 1830, Kifaransa kilikuwa lugha ya mahakama, ya jeshi, ya matajiri na ya vyuo vikuu, hata katika miji ambayo watu wake wengi walizungumza Kiholanzi. Mtoto wa mkulima wa Flanders aliyebahatika kufika chuo kikuu alisomea sheria au udaktari kwa lugha ambayo mama yake hakuijua, kisha akarudi kuwahudumia watu wasioielewa. Chuo Kikuu cha Ghent, kilichoanzishwa mwaka 1817, ndicho kilichogombewa kwanza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walioikalia nchi walikigeuza kuwa cha Kiholanzi mwaka 1916, na kwa kufanya hivyo wakawatia doa Waflemi, yaani wenyeji wa Flanders, waliokuwa wakidai jambo hilohilo kwa njia ya haki, kwa maana baada ya vita kila aliyelitaja alishukiwa usaliti. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1930 ndipo sheria ikaifanya Ghent kuwa chuo kikuu cha kwanza nchini kufundisha kwa Kiholanzi pekee.

Leuven ilikuwa ngumu zaidi. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1425 kwa idhini ya Papa Martin wa Tano, na kufikia miaka ya 1960 kilikuwa na sehemu mbili chini ya paa moja, ya Kifaransa na ya Kiholanzi. Tatizo ni kwamba mpaka wa lugha ulipowekwa kisheria mwaka 1962, mji wa Leuven ulijikuta upande wa Flanders. Waflemi waliona kwamba sehemu ya Kifaransa, pamoja na wahadhiri wake, familia zao na shule za watoto wao, ingeieneza lugha ya Kifaransa kutoka Brussels hadi katikati ya nchi yao. Maaskofu, ambao ndio waliokuwa wenye chuo, walitamka mwaka 1966 kwamba chuo kitabaki kimoja na mahali kilipo. Tamko hilo lilikusudiwa kuufunga mjadala; badala yake liliwatoa wanafunzi mabarabarani wakipiga kelele za kuwataka Wawaloni, yaani Wabelgiji wa kusini wanaozungumza Kifaransa, waondoke. Mwezi wa Februari 1968 serikali ya Waziri Mkuu Paul Vanden Boeynants ilianguka kwa sababu ya suala hilo, na uamuzi wa kukigawa chuo ukafuata. Sehemu ya Kifaransa ilijengewa mji mpya kabisa, Louvain-la-Neuve, katika mashamba ya upande wa pili wa mpaka wa lugha, huku kitivo chake cha udaktari kikihamia Woluwe, Brussels.

Mgawanyo wa maktaba unaonyesha jinsi talaka hiyo ilivyokuwa chungu. Vitabu ambavyo havikuwa na mwenyewe dhahiri viligawanywa kwa kufuata namba za rafuni: vyenye namba witiri vikaenda upande mmoja, vyenye namba shufwa upande wa pili. Kanuni hiyo ilikuwa ya haki kwa hesabu, lakini msomaji yeyote anaweza kukisia maana yake kwa mtafiti aliyekuwa akifuatilia juzuu zilizopangwa bega kwa bega. Chuo Kikuu Huria cha Brussels nacho kilijigawa katika miaka hiyohiyo, ingawa bila makelele mengi.

Wasomaji wa Kongo wana sababu ya kuijua Leuven. Chuo cha Lovanium mjini Kinshasa, kilichofunguliwa mwaka 1954, kilikuwa mtoto wa chuo hicho hadi kwa jina, na mwaka 1971 kiliunganishwa na vya Lubumbashi na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kabla ya vyote vitatu kutenganishwa tena mwaka 1981. Yaani mzazi aligawanywa kwa ajili ya lugha, na muda mfupi baadaye mtoto akaunganishwa na wenzake kwa amri ya serikali.

Tukirudi Flanders, mfumo wenyewe una nguzo mbili. Ya kwanza ni vyuo vikuu vitano: Leuven, Ghent, Antwerp, Hasselt, na Chuo Kikuu Huria cha Brussels cha Kiholanzi, ambacho kimo mjini Brussels lakini kinatii sheria za Bunge la Flanders, kwa kuwa katika mji mkuu jumuiya zote mbili kubwa zina mamlaka juu ya shule za lugha yao. Nguzo ya pili ni vyuo vya taaluma, vinavyoandaa wauguzi, walimu wa shule za msingi, wahasibu, mafundi wa maabara na wengineo. Vyuo hivi vilikuwa vimetapakaa mno. Sheria ya mwaka 1994 ilivilazimisha kuungana, na kutoka 163 vikabaki 29; leo ni kama 13 hivi. Shule nyingi ndogo zilizoanzishwa na mashirika ya kitawa, manispaa au wilaya zilipoteza jina na uongozi wake, ingawa majengo na walimu walibaki palepale.

Mageuzi makubwa kuliko yote yalitokana na Azimio la Bologna la mwaka 1999, ambalo nchi za Ulaya zilikubaliana kulinganisha shahada zao. Flanders ilipitisha sheria yake ya muundo mwaka 2003, na kuanzia mwaka wa masomo 2004/2005 ngazi za kale zilibadilishwa kuwa shahada ya kwanza ya krediti 180, kwa kawaida miaka mitatu, na uzamili wa krediti 60 au 120. Hapo pakazuka swali ambalo nchi nyingi zililikwepa. Vyuo vya taaluma vilikuwa vikifundisha pia kozi ndefu, kama uhandisi wa viwanda, usanifu majengo, ukalimani na biashara, ambazo sasa zilitakiwa kuitwa uzamili. Je, uzamili unaweza kutolewa mahali ambapo wahadhiri hawafanyi utafiti?

Jibu la Flanders lilichukua miaka kumi. Kwanza kila chuo cha taaluma kilitakiwa kujiunga na shirikisho linaloongozwa na chuo kikuu, na mashirikisho matano yakaundwa, moja kwa kila chuo kikuu. La Leuven ndilo kubwa zaidi. Kisha, kwa msaada wa chuo kikuu, kozi hizo ndefu zilitakiwa kujengewa misingi ya utafiti. Mwishowe, mwaka wa masomo 2013/2014, kozi zenyewe, pamoja na wanafunzi na wahadhiri wake, zilihamishiwa vyuo vikuu. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Leuven leo kina wanafunzi wa uhandisi katika miji ya Geel na Bruges, ambako hakikuwahi kuwa na darasa hapo zamani. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kuigwa katika hadithi nzima: hawakubadilisha vibao vya majengo kwanza na kuahidi utafiti baadaye, ila walidai utafiti kwanza.

Sanaa na muziki vilibaki katika vyuo vya taaluma, kwa sababu mpiga kinanda hapimwi kwa makala za kitafiti. Chuo cha ubaharia cha Antwerp nacho kilibaki nje ya utaratibu huo, na kina upekee mwingine: hufundisha kwa Kiholanzi na kwa Kifaransa, kwa kuwa upande wa Wawaloni hauna bahari. Mwaka 2019 vyuo vya taaluma vilipewa jukumu la ziada, yaani kozi fupi zilizo chini ya shahada ya kwanza, ambazo kabla ya hapo zilikuwa zikifundishwa zaidi katika vituo vya elimu ya watu wazima.

Nani basi huhakikisha ubora? Ithibati hutolewa na chombo kimoja kinachomilikiwa kwa pamoja na Flanders na Uholanzi, kilichoundwa kwa mkataba na chenye makao yake mjini The Hague. Tafakari hali hiyo kidogo: kozi ya Ghent huhakikiwa na chombo kilichoko nchi jirani, wakati kozi ya Namur, mji wa Wawaloni ndani ya Ubelgiji hiyohiyo, hupitia utaratibu mwingine kabisa. Katika elimu ya juu lugha imekuwa na nguvu kuliko pasipoti. Na lugha yenyewe inalindwa: sheria ya mwaka 2012 iliweka kikomo kwa programu zinazoweza kutolewa kwa lugha ya kigeni, ambayo kwa vitendo ni Kiingereza, kuwa asilimia 6 kwa shahada ya kwanza na asilimia 35 kwa uzamili.

Kwa mwanafunzi, milango iko wazi kuliko nchi nyingi. Mwenye cheti cha sekondari anaweza kujiandikisha karibu kozi yoyote bila kushindanishwa kwa alama, isipokuwa udaktari wa watu na wa meno, wenye mtihani wa kujiunga tangu mwaka 1997, na udaktari wa wanyama, ulioongezewa mtihani mwaka 2023, pamoja na sanaa. Ada ya kawaida ni zaidi kidogo ya euro 1,000 kwa mwaka, na wenye uwezo mdogo hulipa sehemu ndogo tu ya hiyo. Uwazi huo una gharama, kwani wengi huingia na wengi hufeli mwaka wa kwanza.

Ili kuwabana bila kufunga mlango, mwaka wa masomo 2008/2009 ulianzishwa mfumo wa akiba ya masomo. Kila mwanafunzi anapewa pointi 140. Akijiandikisha masomo ya krediti 60, hukatwa 60 na kubaki na 80. Akifaulu krediti 45, hurudishiwa, na kwa kuwa krediti 60 za kwanza anazofaulu hulipwa maradufu, anapata 90 na akiba yake inapanda hadi 170. Akifeli zote, anabaki na 80. Akirudia na kufeli tena, anabaki na 20, na hapo chuo kina haki ya kumkataa au kumtoza ada ya juu zaidi. Vyuo vyenyewe navyo, tangu mwaka 2008, hupewa ruzuku kwa kuhesabu wanafunzi walioandikishwa katika krediti 60 za mwanzo pekee. Baada ya hapo huhesabiwa krediti zilizofauliwa na shahada zilizotolewa.

Hata hivyo wanafunzi waliendelea kuburuta masomo ya mwaka wa kwanza hadi mwaka wa tatu au wa nne, hasa kwa kuwa sheria ya mwaka 2004 iliruhusu kila mmoja kujipangia ratiba yake. Kwa hiyo waliojiunga kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 wamewekewa kanuni kali zaidi: asiyefaulu masomo yote ya mwaka wa kwanza ndani ya miaka miwili haruhusiwi kuendelea na kozi hiyo katika chuo hicho. Anaweza kuomba kozi nyingine, akienda na akiba yoyote ya pointi iliyombakia.