Kibao cha kumbukumbu ni nini?

Kibao cha kumbukumbu ni jiwe, bamba la chuma, sanamu au mnara uliosimamishwa pale pale jambo lilipotokea, ukiwa na maneno machache ya kumweleza mpita njia kilichotokea, lini, na nani alihusika. Neno zito hapo ni "pale pale". Kibao cha mwendokasi kinamwambia dereva afanye nini. Hiki kinamwambia amesimama wapi.

Majina nayo hufanya kazi hiyo bila saruji. Ukipanda Coaster ya Moshi kwenda Arusha, konda ataita "Maili Sita!", na abiria watashuka bila kujiuliza. Siku hizi barabara yote inahesabiwa kwa kilomita, lakini jina limebaki na kipimo cha zamani.

Arusha mjini, mfano unaojulikana zaidi ni mnara wa mwenge kwenye mzunguko, karibu na Makumbusho ya Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Makumbusho yalifunguliwa 1977. Ni miaka kumi tu, kwa sababu waliolitunga Azimio ndio walioshika serikali.

Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha, mambo ni tofauti. Pale kuna makaburi ya raia wa Poland waliofika kama wakimbizi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kambi yao ilikuwa na watu wapatao 5,000. Kambi ilishafungwa zamani. Anayepita leo hujua habari zao kwa kusoma majina yaliyochongwa pale.

Mimi husoma kibao kwa tarehe mbili: ya tukio, na ya siku kibao kiliposimamishwa. Hii ya pili watu wengi huiruka, nayo ndiyo inayoonyesha nani alikuwa na sauti wakati huo.

Panda Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, uone. Mangi (yaani chifu) Meli, mwana wa Mangi Rindi, aliwashinda Wajerumani vitani mwaka 1892. Mwaka uliofuata wakarudi na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga hapo hapo kwao, pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Wazee wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Sanamu yake ilisimamishwa 2019. Hesabu mwenyewe: miaka 119. Muda wote huo habari ilitunzwa kwa mdomo, babu akimwonyesha mjukuu mti alionyongewa na kumtajia jina. Kwa hiyo sanamu haikuleta habari mpya kwa watu wa Old Moshi. Ilimletea mgeni, yule asiye na babu wa kumwonyesha, na ilitamka hadharani kwamba huyu alikuwa kiongozi aliyepigania nchi yake. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko urefu wa mnara wowote.

Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin, Ujerumani, na familia zilizo hai Tanzania. Fuvu moja lilikuwa la mtu aliyeitwa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Mangi mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.