Mtoto wa Kisu, Mtoto wa Uchungu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mama aliyejifungua kwa upasuaji akirudi nyumbani na mshono, iwe Makole, Bahi au Chemba hapa Dodoma, maneno humtangulia mlangoni. Wengi wanaoyasema wanampenda. Lakini baadhi ya maneno hayo humgharimu mtoto afya yake ya miaka yote, ndiyo maana tunayapitia hapa.

"Mtoto wa operesheni huwa mzito wa akili."

Si kweli. Kinachoweza kuumiza ubongo wakati wa kuzaliwa ni kukosa oksijeni, na hilo huwapata zaidi watoto waliokwama njiani saa nyingi kabla ya upasuaji kuamuliwa. Watu humwona mtoto mwenye mtindio wa ubongo, wakakumbuka mama yake alipasuliwa, wakakilaumu kisu. Huenda kisu kilikuja kumwokoa, ila kilichelewa.

"Uchungu ukisuasua, mama apewe mizizi anywe."

Hili ndilo linalotuumiza kuliko yote. Mfuko wa uzazi unapobana, damu inayomfikia mtoto kupitia kondo la nyuma hupungua. Ukiachia, anapata oksijeni tena. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu hazina kipimo. Zinaweza kuufanya mfuko ubane mfululizo bila nafasi ya kuachia, mtoto akachoka, na mfuko wenyewe ukachanika, hasa kwa mwenye kovu la upasuaji. Hospitalini oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, hutolewa kwa matone yanayohesabiwa, huku mkunga akisikiliza moyo wa mtoto kila baada ya dakika 15 hadi 30. Mapigo ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika.

Mtoto akitoka bila kulia, hukaushwa na kusuguliwa mgongo. Asipopumua, apewe hewa kwa mfuko wa kupulizia na barakoa kabla dakika 1 haijaisha. Utafiti wa hospitali ya Haydom, kwa majirani zetu wa Manyara, ulionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa hewa ziliongeza hatari ya kufariki au kuendelea kuugua kwa asilimia 16. Kwa hiyo anayeishi mbali asisubiri uchungu umkute kijijini, hasa Desemba hadi Aprili makorongo yanapojaa na kukata barabara. Ahamie chigonella, nyumba ya kusubiria kujifungua karibu na hospitali, wiki chache kabla ya tarehe yake.

"Aliyepasuliwa amemnyima mtoto kinga, basi apakwe ute wa ukeni."

Hii imeingia kwa njia ya simu, na ina chembe ya ukweli. Mtoto anayepita njia ya kawaida hukutana na bakteria wa mama wanaoanza makazi tumboni mwake. Wa upasuaji huanza na kundi tofauti. Wale waitwao Bacteroides huwa wachache miezi ya mwanzo. Tofauti hiyo hupungua sana kadiri anavyoelekea mwaka 1. Tafiti nyingi zimekuta pumu ikiwapata watoto wa upasuaji zaidi kidogo, kwa takribani asilimia 20. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kwamba upasuaji ndio chanzo. Kwa unene mambo hayako wazi: utafiti wa Sweden uliotoka mwaka 2020, wa vijana wa kiume karibu 100,000, haukuona kwamba upasuaji wenyewe unaleta unene ukubwani.

Kumpaka ute hapana. Unaweza kumpa malengelenge ya sehemu za siri, Virusi vya UKIMWI au bakteria waitwao streptokoki wa kundi B, ambao huweza kuua vichanga. Bakteria wazuri wanapatikana kwa njia salama: ngozi ya mama na titi lake.

"Mwenye mshono hawezi kunyonyesha siku ya kwanza, mpeni mtoto maji ya sukari."

Anaweza. Aliyechomwa ganzi ya mgongo yuko macho. Mtoto akiwa mzima awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa 1. Ili asiguse mshono, mama ambebe chini ya kwapa, miguu ya mtoto ikielekea nyuma. Siku ya kwanza tumbo la mtoto hubeba kama kijiko 1 cha chai tu, basi yale matone ya njano, dang'a, yanatosha na ndiyo yenye kinga. Baada ya hapo ni maziwa ya mama peke yake miezi 6, bila maji wala uji.

Kitovu nacho: kisikatwe kabla ya dakika 1 hadi 3 kama mtoto anapumua vizuri, hata kwa upasuaji. Damu inayoingia humwekea madini ya chuma ya miezi ya mwanzo.

"Tarehe ya upasuaji ichaguliwe tu, hata wiki ya 37."

Uchungu huyaandaa mapafu kunyonya maji yaliyomo. Asiyepitia uchungu, tena akatolewa kabla ya wiki ya 39, huzaliwa akihema haraka mara nyingi zaidi. Kama hakuna tatizo la kiafya, subirini.

"Ukipasuliwa mara 1, ni kisu maisha yote."

Wengi wenye kovu 1 la chini, lililokatwa kwa upana, hujifungua kawaida baadaye, mradi wawe kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kabla ya kuruhusiwa, mama aombe kadi iandikwe sababu ya upasuaji na aina ya mkato kwenye mfuko wa uzazi. Kovu la nje halionyeshi hilo.