Maji Laini ya Bomba: Maswali ya Majumbani Mtwara

Mtu aliyezoea kufulia maji ya kisima cha karibu na bahari, sabuni inakwisha na povu halionekani, akihamia nyumba yenye maji laini, yaani yenye madini machache, hushangaa. Baada ya hapo huja maswali. Haya ndiyo yanayojirudia.

Nitajuaje kama maji ya bomba langu ni laini?

Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, itie maji nusu. Kwangua sabuni ya mche kidogo, tumbukiza, funga, tikisa kwa nguvu. Maji laini yatapanda povu jingi. Maji magumu yatatoa povu haba na mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika. Usipimie sabuni ya unga, maana nyingi hutoa povu hata kwenye maji magumu.

Ugumu wa maji unatokana na kalsiamu na magnesiamu, madini ambayo maji huyayeyusha yanapopita kwenye miamba, hasa ya chokaa. Ndiyo sababu visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe ya mwambao wetu aghalabu huwa na maji magumu, ilhali maji ya mvua ni laini kuliko yote. Maabara huhesabu maji kuwa laini yakiwa na chini ya miligramu 60 za kalsiamu kaboneti kwa lita. Yakizidi 180 ni magumu sana.

Nikimaliza kuoga bado nahisi utelezi, na mwanangu anajikuna. Maji yana mafuta?

Hapana. Kwenye maji magumu sabuni hunasa madini na kugeuka utando. Kwenye maji laini haina cha kunasa, kwa hiyo kiasi ulichozoea kinakuwa kingi mno na hakisuuziki upesi. Punguza sabuni kidogo kidogo mpaka upate kipimo chako, halafu suuza nepi na mashuka mara ya ziada, kwani sabuni iliyobaki kwenye nguo huwasha ngozi ya mtoto. Vipele vikiendelea, mpeleke zahanati.

Asubuhi maji ya kwanza yana rangi ya kutu na ladha ya chuma. Tunywe tu?

Msinywe hayo ya kwanza. Maji laini yana madini machache, na mara nyingi yana tindikali kidogo, kwa hiyo yakilala ndani ya bomba la chuma huanza kulila. Maji magumu hupaka ukuta wa bomba tabaka la chokaa linaloukinga. Maji laini hayana cha kupaka.

Kutu huharibu shati jeupe na ladha ya chai, lakini yenyewe si ya kuogopa sana. Ukiona doa la kijani au buluu kwenye sinki chini ya koki, hiyo ni shaba, na ikizidi huleta kichefuchefu na tumbo kuuma. Ninayoihofia hasa ni metali ya risasi. Haina rangi, harufu wala ladha, na inaweza kutoka kwenye koki za zamani au maungio yaliyochomelewa kwa risasi. Hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Kuchemsha hakuiondoi: maji yanapungua, risasi inabaki.

Kwa hiyo asubuhi, au maji yanaporudi baada ya kukatika, kinga ndoo ya kwanza uipigie deki au uimwage chooni. Ya kunywa na kupikia kinga baadaye, maji yakishakuwa maangavu na ya baridi zaidi, dalili kwamba yale yaliyolala bombani yamekwisha. Siku ya kubadilisha bomba, nunua la plastiki lenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) lililotengenezwa kwa maji ya kunywa. Kama nyumba ni ya kupanga, mwambie mwenye nyumba mapema. Kukaa kimya hakuwasaidii watoto.

Maji yakiwa laini, si ndiyo safi?

Mambo mawili tofauti. Vijidudu vya kipindupindu na kuhara havijali ulaini. Chemsha mpaka maji yatokote kwa dakika moja, au tia dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa, kisha hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Mtoto wa chini ya miezi 6 anatosheka na maziwa ya mama.

Nyumbani Newala tunakunywa maji ya mvua kutoka kwenye tangi la saruji. Nayo ni laini?

Yakitua kwenye bati, ndiyo. Ndani ya tangi jipya huyeyusha chokaa ya saruji, yakapata ugumu na ladha ya chokaa. Yale ya kujazia mara ya kwanza fulieni au jengeeni. Na kila masika yanapoanza, acheni mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kufungulia maji yaingie.

Nasikia maji laini yanadhoofisha mifupa na kuleta maradhi ya moyo.

Mwaka 1957 mtafiti Jun Kobayashi wa Japani alionyesha uhusiano kati ya kemia ya maji ya mito na vifo vya kiharusi. Utafiti mwingi umefuata, lakini haujathibitisha kwamba maji laini ndiyo chanzo, na Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha ugumu kwa sababu za kiafya. Kuhusu mifupa, piga hesabu: lita moja ya maji yenye ugumu wa miligramu 60 za kalsiamu kaboneti haina zaidi ya miligramu 24 za kalsiamu, na mtu mzima anahitaji takriban 1,000 kwa siku. Kalsiamu itafuteni kwenye dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa, majani ya kunde, na ufuta ambao mikoa yetu inaulima kwa wingi.

Kunde na mbaazi nitie magadi?

Kwa maji laini huna haja. Ziloweke usiku, zitaiva upesi kuliko kwenye maji magumu. Magadi huongeza sodiamu, mbaya kwa mwenye shinikizo la damu, na huharibu vitamini B1.