Kutoka mtaro wa kiwanda cha mkonge hadi duka la dawa: maswali kuhusu mabaki ya mazao

Mabaki ya shambani yanawezaje kuwa dawa?

Mmea hauweki kemikali zake zote kwenye sehemu tunayoiuza. Mara nyingi ganda, maji ya jani au gome ndiyo yenye viambata vikali, maana huko ndiko unakojikinga na wadudu na ukungu. Chukua mkonge. Kiwandani, majani hupitishwa kwenye korona, yaani mashine ya kupara mkonge, visu vikapara nyama ya jani. Upande huu zinatoka singa, upande wa pili unatiririka uji wa kijani unaonuka. Kilo 100 za majani hutoa singa kavu kama kilo 4 tu. Yaliyobaki, kwa miaka mingi, yalimwagwa mtaroni na kuishia mtoni. Ndani ya uji huo mna kiambata kiitwacho hekogenini.

Hekogenini inatibu nini?

Yenyewe haitibu kitu. Ni malighafi.

Mwaka 1948 Dkt. Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimdunga kotizoni, homoni ya kundi la steroidi, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa anashindwa hata kutembea, na baada ya siku chache akasimama na kutembea. Dunia nzima ikaitaka dawa hiyo. Shida ni kwamba ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua za kikemia zaidi ya 30, kwa hiyo ilikuwa adimu na ghali mno. Wanakemia wakahamia kwenye mimea. Mwaka 1951 watafiti wa Uingereza walichapisha taarifa kwamba majitaka ya mkonge ni chanzo cha hekogenini, na kampuni ya Glaxo ikaanza kuitumia, malighafi ikitoka mashamba ya Afrika Mashariki. Kutokana na hekogenini hiyo ikatengenezwa kotizoni, na baadaye betamethasoni, steroidi nyingine ambayo hadi leo iko kwenye krimu nyingi za ukurutu.

Kwa nini mkonge, wakati mimea iko tele?

Steroidi za aina ya kotizoni lazima ziwe na oksijeni kwenye kaboni namba 11 ya umbo lake. Bila hiyo, dawa haitulizi uvimbe. Viazi vikuu vya mwituni vya Meksiko, vilivyokuwa chanzo kingine cha steroidi, vina kiambata kisicho na oksijeni eneo hilo kabisa. Hekogenini inayo kwenye namba 12, mlango wa jirani tu, na wanakemia waliweza kuihamisha.

Kuipata ni kazi. Ndani ya jani imefungamana na sukari, ikiwa katika hali ya saponini, ile inayotoa povu. Maji ya mkonge huachwa yachachuke, tope likazama, likachemshwa na asidi ili sukari ikatike, likakaushwa, ndipo hekogenini ikatolewa kwa kiyeyushi.

Mbona biashara hiyo haikuendelea kukua kwetu?

Mwaka 1952 kampuni ya Upjohn ya Marekani ilitangaza kwamba imepata kuvu anayeweka oksijeni kwenye namba 11 moja kwa moja, na viazi vya Meksiko vikapata nguvu mpya. Baadaye zikaja steroli za soya, ambazo nazo hupatikana kwenye mabaki ya kusafisha mafuta. Kamba za plastiki zikaangusha bei ya mkonge. Mimi naona tatizo lilianza mapema zaidi: huku tulibaki na tope, maabara zikabaki Ulaya. Siku hizi uji huo una kazi nyingine. Hale, mkoani Tanga, ulijengewa mtambo wa kuzalisha gesi na umeme.

Basi naweza kuchemsha maji ya mkonge ninywe kwa ajili ya viungo?

Hapana. Utakachokunywa ni saponini, si kotizoni, na tumbo lako halina uwezo wa kufanya kazi ya kiwanda. Saponini huchubua utumbo, na zikiingia kwenye damu hupasua chembe nyekundu. Maji hayo yana pia vijisindano vya chumvi ya oksaleti. Waliokata mkonge wanaujua ule muwasho. Yakikurukia ngozini, osha kwa maji mengi na usisugue.

Krimu yenye asili ya mmea si ni salama zaidi?

Betamethasoni ni ileile, itoke kwenye mkonge au kwenye soya. Ukiipaka usoni miezi kadhaa ili uwe mweupe, ngozi hukonda, mishipa ikaonekana, chunusi zikajaa na michirizi isiyofutika ikabaki. Na aliyezoea vidonge vya steroidi kwa muda mrefu asiache ghafla: tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala, na mwili ukikosa homoni hiyo mtu anaweza kuanguka. Daktari ndiye anayepunguza dozi kidogo kidogo.

Kuna mabaki mengine yanayofuatiliwa?

Yapo. Diosmini, dawa ya mishipa ya miguu na bawasiri, hutengenezwa kutokana na hesperidini ya machungwa. Karibu zaidi nasi kuna maganda ya korosho. Mwaka 2019 wanakemia wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, walionyesha kwamba mafuta ya maganda hayo yanaweza kugeuzwa kuwa fenoprofeni, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, pamoja na dawa za kupandisha presha iliyoshuka. Hiyo ni kazi ya maabara. Mafuta yenyewe ya ganda huunguza ngozi hadi malengelenge, kama wabanguaji wa Mtwara na Lindi wanavyojua, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba yanatuliza maumivu yakiwa mabichi.