Nguo za watoto za Skandinavia sio krimu jamani, geuza uangalie ndani

Jumapili usiku nimepokea meseji kutoka Arusha. "Dada habari za jioni, samahani kwa usumbufu, namba yako nimepewa na wifi yangu. Tunahamia Göteborg mwezi wa nane, mume wangu amepata masomo, mtoto ana miaka minne. Naomba unitafutie zile nguo za Kiskandinavia, yaani krimu krimu na kijivu, zisizo na michoro, nataka apendeze kama watoto wa huko."

Kama watoto wa huko! Mi niko huku Göteborg, Sweden, mwaka wa kumi na moja, kazi yangu ni kukarabati na kuuza tena nguo za watoto za kuchezea nje, ovaroli, jaketi, suruali za mvua, sweta za sufu, kila siku zinapita mkononi kwangu, na nawaambia ukweli kwamba ukisimama nje ya chekechea yoyote ya hapa saa nne asubuhi unaona kijani, chungwa, njano, zambarau, mistari, matunda, mbweha, chui. Krimu utaiona moja, na hiyo moja ikifika saa sita inakuwa sio krimu tena. Hii ni meseji ya nne tangu Pasaka inayouliza kitu kile kile, sasa nimeona bora niandike mara moja nikiulizwa tena natuma link.

Najua hiyo krimu imetoka wapi. Kuna brandi za Denmark zilizoanza miaka ya 2010, Liewood, Konges Sløjd na wenzao, wanapenda rangi zilizopauka, ya mchanga, ya udongo, waridi la kufifia, na picha zao zinapigwa ndani ya nyumba yenye kuta nyeupe na sakafu ya mbao, mtoto amekaa ametulia kashika kijiko cha silikoni. Picha nzuri, na nguo zenyewe nzuri tu, pamba safi, mi nauza. Lakini hizo ni brandi changa na hiyo ni ladha ya miaka michache, we ukiiita Skandinavia nzima unawafuta watu waliotangulia.

Anza na Karin Larsson, mke wa mchoraji Carl Larsson, kule kijijini Sundborn. Nyumba yao ilipigwa rangi nyekundu na kijani wakati matajiri wa Sweden bado wanakaa kwenye vyumba vya giza, na Karin alishona mwenyewe magauni mapana, yeye na watoto wake, mtoto aweze kukimbia na kuchuchumaa. Hiyo ni mwisho wa miaka ya 1800. Miaka ya 1960 Stockholm wakaja wanawake watatu wa kampuni ya nguo ya Mah-Jong na rangi za kuwaka. Finland, ambayo wenyewe watakusahihisha kwamba sio Skandinavia ila kwenye duka la nguo za watoto wako rafu moja, mbunifu Annika Rimala wa kampuni ya Marimekko akatoa fulana za mistari za Tasaraita mwaka 1968, za baba, mama na mtoto, bila kutenganisha mvulana na msichana. Polarn O. Pyret, kampuni ya tangu 1909, wakapata mistari yao mwaka 1976 kwa mkono wa mbunifu Gunila Axén na wanaishona mpaka leo. Alafu Mini Rodini, 2006, Cassandra Rhodin ni mchoraji na nguo zake zimejaa wanyama, Molo wa Copenhagen ndo usiseme, wanaweka picha nzima ya farasi kifuani. Krimu iko wapi hapo?

Ila hata rangi sio kitu kinachoniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba mtu anaangalia nje ya nguo tu, wakati akili yote ya hawa watu iko ndani.

Chukua ovaroli ya baridi, iweke mezani, igeuze ndani nje. Zipu inaanza shingoni inashuka mpaka pajani, ili mtoto wa miaka mitatu akae chini, aingize mguu mwenyewe, avute mwenyewe, kwa sababu mwalimu ana watoto kibao wa kuvalisha na hawezi kumvalisha kila mmoja. Juu kabisa kwenye kidevu kuna kijitambaa kinachofunika kichwa cha zipu isimbane ngozi. Magotini na makalioni kitambaa ni kizito zaidi, maana huko ndo mtoto anapofanyia kazi. Chini miguuni kuna lastiki ya silikoni inayopita chini ya gambuti, suruali isipande na theluji isiingie, na hiyo lastiki inachomoka kwa kifungo kwa sababu walioitengeneza wanajua itakatika kabla ya nguo kuchakaa, unanunua nyingine unaweka. Kwenye mishono kuna utepe umegandishwa kwa joto, kidole kikipita unausikia, kwa sababu kila tundu la sindano ni tundu la maji. Na kwenye lebo kuna mistari ya kuandika jina, sio mmoja. Polarn O. Pyret wanasema wazi kwamba nguo yao inatakiwa ivaliwe na watoto watatu angalau. Urembo umeanzia hapo, mkato ule mpana unaousifia kwenye picha umetokana na mtoto kuchuchumaa kwenye tope, na sufu na flisi (kile kitambaa laini chenye manyoya manyoya) zinazotakiwa kuingia chini yake.

Hizi nguo ukoo wake ni wavuvi, watu wa pwani mnielewe hapo. Helly Hansen wa Norway walianza 1877 kwa kushona nguo za mabaharia za turubai lililopakwa mafuta. Didriksons walianza 1913 Grundsund, kijiji cha wavuvi kaskazini kidogo ya hapa nilipo, na wao ndo wana kitu ambacho nikikielezea watu hawaamini. Ndani ya mikono na miguu ya ovaroli zao za watoto kuna mshono mmoja wa uzi wa rangi tofauti. Mtoto akirefuka unaukata ule uzi tu, kitambaa kilichokunjwa kinafunguka, nguo inaongezeka saizi moja. Nimeletewa ovaroli ya namna hiyo, nzima kabisa, mama anasema imekuwa fupi anaitoa msaada, nikachukua mkasi mdogo nikakata uzi mbele yake miguu yote miwili na mikono, mtoto akaivaa msimu mwingine mzima. Nguo kama hiyo unaichagua kwa rangi?

Sasa hudi, yaani kofia ya jaketi. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Hudi ya jaketi la mtoto la huku inashikiliwa na vifungo vya kubonyeza na ukiivuta inatoka. INATAKIWA itoke. Kila vuli naletewa jaketi na mzazi mwenzetu, "fundi naomba uishonee kabisa hii kofia inachomoka chomoka." Sishoni. Nimeshakosana na watu kwa hilo na bado sishoni, maana mtoto akiteleza kwenye bembea au kwenye ngazi za kupandia na hudi ikanasa, vifungo vinaachia, mtoto anaanguka kwenye mchanga analia yameisha. Ukiishona, kinachobaki kumshikilia ni shingo yake. Kwa sababu hiyo hiyo Ulaya kuna kiwango kinaitwa EN 14682, kinakataza kamba kwenye hudi na shingoni kwa nguo za watoto wadogo, mpaka miaka saba. Kwa hiyo ukiona jaketi la mtoto wa miaka minne lina kamba mbili zinaning'inia kidevuni na mwisho wake kuna vishanga, hata kama ni krimu na limepigwa picha vizuri namna gani, aliyelitengeneza hajamfikiria mtoto. Mi zikija kwangu naanza na kuzichomoa, sisubiri kuulizwa. Na zile skafu ndefu za kufuma pia, nje kwenye bembea hapana, kuna kola ya flisi inaingilia kichwani, inatosha.

Saizi, haraka haraka. Namba ya huku sio umri, ni urefu wa mtoto kwa sentimita, zinapanda sita sita, 86, 92, 98, 104, 110. Kwa hiyo usiniandikie "ana miaka minne", mpime. Nguo ya ndani ya sufu nunua saizi yake kamili maana inatakiwa iguse ngozi, ovaroli ongeza saizi moja. Namba inakwambia urefu tu, mwenye kitumbo na mwembamba wote ni 98, kwa hiyo kuna brandi zitamkaa na nyingine zitambana, ndo maana napenda mtoto aletwe mwenyewe.

Kuvaa kwa tabaka mmeshasikia, sufu ndani, flisi katikati, cha kuzuia maji na upepo juu. Wenyewe wana msemo wao kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu, na wanaumaanisha, watoto wachanga wanalazwa nje kwenye vigari vyao mchana baridi ikiwepo.

Ila kuna vitu dukani hutaambiwa, wacha niviseme mimi.

Kwenye lebo utakuta namba ya kuzuia maji, tuseme milimita 10,000. Maana yake kitambaa kinahimili uzito wa maji yaliyosimama urefu wa mita kumi kabla hayajapenya. Sawa, lakini hicho kilichopimwa ni kitambaa kipya, mtoto wako ana magoti na anapiga magoti kwenye dimbwi hilo hilo kila siku. Nimeona za 10,000 zinavuja gotini msimu wa pili, na suruali ya mvua ya mpira ya bei ya chini haipitishi hata tone miaka mitatu, tatizo lake mtoto anatoka jasho ndani. Ukiniuliza ipi bora nakujibu zote mbili, na najua hilo ni jibu la kukumalizia hela.

Kingine ni ile dawa ya juu inayofanya maji yaviringike. Zamani ilikuwa na kemikali za florini, PFAS, sasa brandi nyingi za watoto zimeziacha, na Denmark imeweka sheria ya kuzikataza kwenye nguo na viatu kuanzia Julai 2026. Nafurahi kwa moyo wote, hizo kemikali haziozi na zinaingia mpaka kwenye maji ya kunywa. Lakini dawa mpya haina nguvu ya ile ya zamani, inachakaa haraka, lazima uirudishie kwa kuosha na dawa maalum, na ukitumia sabuni ya kulainisha nguo ndo umeiua. Wauzaji wanaliruka hilo alafu lawama zinanikuta mimi.

Na hii ya mvulana na msichana kuvaa sawa, naipenda, nimeisifia hapo juu. Ila kwenye rafu yangu ovaroli ya bluu wasichana wanavaa, ya waridi wazazi wa wavulana wanairudisha. Waswidi pia, sio sisi tu. Kwa hiyo nikisikia "rangi zisizo na jinsia" mara nyingi naona maana yake ni rangi za wavulana ambazo msichana ameruhusiwa, na sijaridhika nalo.

Mwisho kuhusu krimu na kijivu. Desemba hapa Göteborg jua linazama saa tisa na nusu alasiri, unamchukua mtoto chekechea giza tororo, mvua inanyesha, barabara inang'aa. Takwimu wanazofundisha hapa ni kwamba dereva anamuona mtu mwenye nguo za giza akiwa mita 20 mpaka 30, mwenye riflekta, vile vipande vinavyorudisha mwanga wa taa, anamuona kuanzia mita 125. Kwa hiyo kile kijivu cha mkaa kinachopendeza kwenye picha, jioni hakionekani. Riflekta ziwe mbele, nyuma na mikononi, na ziguse, zikishakwaruzika hazifanyi kazi hata kama bado unaziona. Na nyumbani mvalishe krimu yako kwa amani, sina ugomvi nayo hapo.

Basi yule dada nikamjibu usiku ule ule, nikamwambia amsimamishe mwanae bila viatu mgongo kwenye mlango, aweke kitabu kichwani, apige mstari kwa penseli, apime. Asubuhi akanitumia picha ya mlango, sentimita 103. Nimemwekea sufu mbili za mistari saizi 104 na ovaroli ya kijani 110, magoti mazima, lastiki za miguuni nimebadilisha zote mbili, hudi inatoka kama inavyotakiwa. Kwenye lebo kuna Elsa kwa kalamu ya bluu, chini yake Noah kwa nyeusi, mstari wa tatu uko wazi.